Tepe za Nishani Alizolalia Mama

Kreuzweg 14,
Celle.
6 Februari 2024

Mpendwa Dada Friederun,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Ortrun kutoka kwenye baridi hii inayong'ata mifupa. Nyonga yako inaendeleaje tangu upasuaji? Umeanza kutembea bila mkongojo, au binti yako Tilda bado anakukataza? Sisi miili ni mizima. Hali ya moyo utaisoma mwenyewe.

Pole sana, dada yangu. Najua ulilia peke yako huko Adelaide wakati sisi tunamzika Mama. Kanisa lilijaa, na majirani walileta keki za siagi hadi tukakosa pa kuziweka. Mama tulimvalisha lile gauni la buluu ulilomtumia.

Sasa nikujibu ulichoniuliza kwenye simu. Uliomba Mama azikwe ameshika tepe za nishani za Babu Ewald. Hakuzikwa nazo. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Zilikuwa kwenye kile kifuko cha kitambaa alichokilalia Mama maisha yake yote, ambacho sisi hatukuruhusiwa hata kukigusa. Yule askari aliyebisha hodi mwaka 1946, Mama akiwa bado msichana mdogo, ndiye aliyezileta tepe hizo, akasema ni za Ewald na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemzika. Nami, pamoja na kukusanya kwangu tepe za namna hiyo miaka yote hii, hizo sikuwahi kuziona. Nikimwomba, alikuwa ananicheka: "Mwanamume mzima, kutwa na kioo cha kukuzia, unachungulia vitambaa vya wafu! Hiki niachie mwenyewe."

Mwezi wa kumi, alipoanza kudhoofu, aliniita kitandani akafumua mshono wa kifuko kwa kucha zake.

"Wewe unawasomea watu tepe zao, mpaka wa Hamburg," akasema. "Nisomee na mimi. Nataka kujua baba alipita wapi."

Dada, sikuhitaji hata kioo. Kilikuwa kipande chembamba cha chuma, tepe zimepangwa juu yake ubavu kwa ubavu. Utepe wa kwanza ulikuwa wa nishani ya Msalaba wa Chuma, ule mweusi na mweupe wa vita vya kwanza vya dunia. Uliofuata ulikuwa mweupe wenye kingo za buluu na nyeusi, nishani ya jeshi la Bavaria. Babu alizaliwa hapa Celle, mbali na Bavaria, na vita vile vilipoanza alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Nikakigeuzageuza kile kipande. Mama hakuwa mtu wa kufichwa jambo.

"Sema, Gundolf. Sikukuzaa uje unidanganye nikiwa nakufa."

Nikamwambia. Akakitazama kile kipande, akakipitishia kidole gumba kama alivyozoea, kisha akakisukuma kwangu. "Kumbe miaka yote nimekuwa nikimbusu baba wa mwenzangu. Kiondoe hapa. Kina watu wake, nao wanamsubiri mtu wao."

Nimewatafuta, Dada, bado sijawapata. Tepe hizo zinaonyesha mtu alipigana wapi na kwa jeshi gani, jina hazisemi. Wabavaria waliovaa mpangilio kama huo walikuwa maelfu. Labda yule askari alichanganya maiti. Labda alitaka tu sahani ya supu na mahali pa kujiegesha.

Nilidhani tumemaliza. Asubuhi yake nikamkuta Mama amekaa kitako, nywele amezichana. Akaniuliza, "Kama zile si zake, basi nani alimwona baba akifa?"

Kuanzia hapo akaanza kumngoja. Akili yake ilikuwa timamu, usidhani vinginevyo. Hesabu ya miaka aliijua kuliko mimi. Siku moja Ortrun alimwambia, "Mama, angekuwa na miaka zaidi ya mia moja na kumi sasa." Akamjibu, "Najua kuhesabu, mwanangu. Wewe usifunge mlango tu." Kengele ikilia alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Akiingia daktari, kilirudi chini polepole. Hilo ndilo linaloniua. Alikuwa na baba aliyezikwa. Mimi nikamwachia baba aliyepotea.

Siku ya mwisho, jirani alileta supu ya viazi. Mama alisikia viatu ukumbini, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya kitoto kabisa: "Baba, futa miguu, mama amepiga deki." Jioni akatutoka, mikono yake ikiwa mitupu.

Jambo moja aliniachia. Kwenye jiwe la kaburi la Bibi, jina la Babu limechongwa na mwaka 1945. Alitaka mwaka huo ufutwe. Fundi alikuja jana. Jina limebaki, na mbele yake pamesuguliwa pakawa laini. Nimepagusa kwa kiganja.

Msalimie Tilda na mumewe, na wajukuu wote. Ortrun anakukumbatia. Mungu akupe nguvu za miguu na utulivu wa moyo, atukutanishe tungali hai.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,

Gundolf