Mpolandi Niliyemwona Akinywa

Mjukuu wangu Diane,

Amani ikukute huko Polandi. Hapa Cibitoke tu wazima. Mama yako amepona malaria.

Unauliza kama kweli Wapolandi ni walevi wasiocheka. Nilimjua mmoja tu, padri wa parokia yetu wakati wa vita vya kikabila. Kucheka, hakucheka. Siku moja vijana wa kizuizi cha barabarani walimtazama mdogo wangu pua, wakasema ni wa kabila la adui, wakamshusha kwenye gari la padri.

"Mutu huyu ni wangu," padri akasema.

"Apana, padri. We pita tu."

Hakupita. Alikaa barabarani mpaka wakampa maiti ya mdogo wangu.

Siku ya kumaliza matanga alikunywa bia ya mtama nasi, kwa mrija wetu, machozi yakimtoka. Kuhusu Wapolandi na pombe, najua hilo tu.

Babu yako