Vikapu vya Wageni wa Happy

Lea mwanangu, uji uko kwenye chupa ya chai. Kuku wafungulie.

Nimekwenda Igowole kwa shangazi yako Veneranda, kuchukua vikapu vidogo vya kuwapa wageni wa harusi. Jana jioni Happy alisema, "Babu, watu wapande ndege hadi Zanzibar, halafu tuwape vikapu vya sokoni?" Nawe ukacheka naye. Vikapu kama hivyo ndivyo alivyosuka mama yako mpaka ukamaliza shule. Mishumaa yenu yenye majina ya maharusi, mnayotaka kuwapa wageni, bakini nayo.

~~Harusini siendi.~~ Nitakwenda, na nitasimama mlangoni nivigawe kwa mkono wangu.

Hiki cha hapa mezani alikisuka mama yako mwenyewe. Ni cha Happy. Akitaka kucheka tena, acheke akiwa amekishika.

Baba yako, babu wa bibi harusi