Konokono Aliyejifungia

Mjukuu wangu Rukia,

Mama yako alinieleza jana kwa simu kwamba konokono wako hajatoka ndani ya gamba kwa wiki tatu, na kwamba Jumamosi atatupwa. Sisi huku Wete ni wazima. Bibi yako anakusalimu sana. Goti lake limepata nafuu.

Unauliza kama amekufa. Nilipokuwa mwandishi mpya wa redio, niliripoti wakati wa kiangazi kwamba konokono waliokuwa wakila miche ya mikarafuu kule Wambaa wamekufa wote. Niliwaona chini ya majani makavu, midomo ya magamba imezibwa kwa utando mweupe. Bi Time, mwenye kitalu, alisikia habari hiyo akaacha kuwaokota. Mvua ya kwanza iliwaamsha, wakala nusu ya miche yake.

Nilikwenda kumtaka radhi.

"Kwani ulimgusa hata mmoja?" aliniuliza.

"Hapana, Bi Time."

"Basi we mwandishi umetangaza msiba wa watu waliolala!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Konokono hujiziba hivyo kukiwa kukavu, na huweza kukaa miezi. Tangu siku ile sijaandika "amekufa" bila kuhakikisha.

Usiubandue utando, mpenzi wangu. Alhamisi ukitoka skuli mnyunyizie maji kidogo, umwekee jani bichi, kisha unawe mikono kwa sabuni. Akinuka uvundo, hapo amekufa kweli. Ijumaa baada ya Alasiri nitapiga simu, na mama yako amekubali kutoamua kumtupa kabla ya kusikia umeona nini.

Babu yako