Mkono Una Mwenyewe

Kwa mdogo wangu Shoto,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Shemeji hajambo? Na yule binti yenu, ambaye mara ya mwisho nilimwona akitambaa? Mimi ni mzima, isipokuwa bega la kulia, ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Usishtuke kuona mwandiko huu. Najua miaka minne ni mingi, na najua aliyekaa kimya ni mimi.

Nyumba ni ileile, ila imekuwa kubwa. Nafagia chumba chako kila Jumamosi, na hakuna anayekichafua. Bado napika pombe stoo, ndoo moja tu, maana hakuna wa kunisaidia kuinywa. Miaka yote hii nilinunua kimea kilichosagwa tayari. Mwenye duka alipofunga biashara, nikaitoa mashine yetu ya kusagia chini ya kitanda, bega likagoma kuizungusha. Nikaamua kuifunga mota.

Jirani yetu mshonaji alikuwa anatupa mashine yake ya kufulia, akanipa mota yake, akasema angalau sasa nyumbani kwangu kutakuwa na wa kupiga kelele. Alikuwa anatania. Nilicheka naye vizuri, kisha nikaingia stoo nikakaa juu ya gunia muda mrefu. Upweke ni kitu kibaya, Shoto.

Fundi umeme alipokuja, alifungua mkono wa mashine akauliza autupe wapi. Nilimwambia mkono ule una mwenyewe. Akauliza tena nataka mashine izunguke kwa mwendo gani. Nikamwambia izunguke kama alivyokuwa akiizungusha mdogo wangu. Alinitazama kama vile nimepungukiwa akili, lakini nilifumba macho nikagonga meza kwa mwendo wako, naye akahesabu. Akafunga puli ndogo kwenye mota na kubwa kwenye mashine, mkanda katikati, mpaka mwendo ukalingana. Mtu akiwa chumba cha pili, ataapa ni wewe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kimea kilitoka unga mtupu, maganda yote yamesagika, na unajua bila maganda pombe haichujiki. Ndoo nzima iliganda kama uji. Ilikuwa sawasawa na ile ya siku ya wageni wa dada yetu, nilipokuambia mbele ya watu kwamba ni huo mkono wako wa kushoto, kwamba unasaga kama unavyoishi, kinyumenyume. Walicheka sana. Wewe uliweka kikombe chini, ukaenda kufunga begi.

Nikamjia juu fundi. Akanijibu taratibu kwamba mota haina kushoto wala kulia. Akamulika tochi kati ya zile rola mbili zinazosaga: zimebanana, hata ukucha haupiti. Skrubu inayozitenganisha ina alama ya rangi nyekundu, ili mtu asiiguse. Akauliza ni mjinga gani aliyeikaza namna ile.

Ni mimi, Shoto. Niliikaza asubuhi ile, nikidhani kimea kikisagika zaidi pombe itakuwa kali, wageni wanisifu. Ulipoanza kutoka unga nilijua papo hapo kosa ni la nani. Niliona heri wakucheke wewe kuliko wanicheke mimi. Halafu nimeurudia uongo ule kwa kila aliyeniuliza uko wapi, hadi nikasahau kwamba ni uongo, nikafunga mota juu yake. Nisamehe, mdogo wangu. Mkono wako haukuwa na kosa lolote.

Skrubu nimeilegeza. Mota nimeiacha na boliti mbili tu, zinafunguka mara moja, na mkono wa mashine nimeutundika ukutani, upande wa kushoto, unapoufikia wewe.

Nisalimie shemeji. Na huyo binti, kama hujawahi kumwambia, mwambie ana baba mkubwa.

Ni mimi kaka yako,
Mkaza skrubu