Mami Bila Meno

Makongeni, Thika
Jumanne, wiki moja kabla ya Krismasi

Kwa Mami mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kijana wako Njau, yule aliyefika Kampala, Kigali na Juba kwa lori na bado hajasahau njia ya kwetu Theta. Natumai magoti yameacha kukusumbua, na yule ng'ombe mwekundu anatoa maziwa bila kupiga mtu teke. Sisi huku ni wazima, tunakula tunashiba, na mimi nimenona hadi mshipi umeongezewa tundu.

Usishangae nikikuandikia kwa Kiswahili. Mke wangu Aoko hasomi Kikuyu, na amesema barua hii haitoki kwa nyumba kabla aisome, eti mimi nikiachiwa kalamu naongeza chumvi. Na usishangae kwamba ni barua. Simu yangu si unaikata? Kagwe wa bodaboda ataileta mpaka mkononi mwako, na nimemwambia asiondoke kabla uifungue, hata ukimfungulia mbwa.

Sasa tuongee juu ya kadi.

Unanijua, Mami, mimi si mtu wa kununua kadi za dukani, zile za theluji na mbuzi wa pembe ndefu wa Wazungu. Theluji tuliiona wapi sisi? Nikasema mwaka huu watu wa Theta wataona kadi yenye sura zetu wenyewe. Nikaingia kwa mtandao nikapata kijana wa Ruiru anaitwa Khisa. Huyo anachora familia yako kama katuni, kila mtu na kofia yake nyekundu, anachapisha na kutuma popote unapotaka. Shule niliachia darasa la saba, lakini kwa mambo ya mtandao hata maprofesa huniuliza njia. Nikaagiza za kanisa lako zima, ziende moja kwa moja kwa mke wa pasta azigawe Jumapili. Nilitaka habari ikufikie ukiwa katikati ya marafiki zako, ufurahi watu wakiona.

Dada yangu Idah ameniambia vile ilienda. Kwamba ulifungua bahasha ukajiona, wewe mwenyewe, umekalishwa kwa mapaja ya Aoko, huna jino hata moja, nywele chache kichwani, soksi za sufu miguuni, na chini imeandikwa kwa rangi ya dhahabu: MAMI AMEFIKA NYUMBANI. KRISMASI NJEMA. Kwamba kina mama walicheka hadi pasta akasimamisha matangazo. Kwamba Mama Ndegwa alikushika mkono akakupongeza kwa kuhamia kwa mkamwana wako, wewe uliyeapa mbele yake huyo huyo kwamba mguu wako hautakanyaga kwa yule msichana Mjaluo wa ziwani. Na kwamba ulitoka kabla ya baraka, ukisema Njau amekuzika ukiwa hai.

Ngai! Nilipoiona hiyo kadi nilimpigia Khisa nikiwa nawaka moto. Nikamuuliza nani alimfunza kung'oa mama za watu meno. Akanijibu kwa upole, bosi, si ni wewe ulisema? Akanirudishia sauti niliyomtumia, nikajisikia kwa masikio yangu nikisema weka Mami kwa mapaja ya Aoko, hana meno, nywele ni kidogo, mvalishe soksi. Alikuwa ameomba picha ya huyo Mami, lakini Aoko alikataa katakata izunguke kwa mtandao. Mimi mjanja nikatuma yako, ile ya harusi ya Idah, nikamwambia sura ni hiyo hiyo, wewe toa meno tu. Hata mchoro alinitumia niukague. Kioo cha simu yangu kimepasuka kama ramani ya barabara za Kongo. Niliona kofia nyekundu na mdomo mtupu, nikamwambia ni yeye kabisa, chapisha.

Utaniuliza, Njau, kwani mimi sina meno? Mami, meno yako nayajua, hata muwa unaumenya nayo. Huyo hakuwa wewe.

Kwetu mwanamume akimpa binti yake jina la mama aliyemzaa yeye, anamwitaje? Baba, Mungu amlaze vyema, si alikuwa anamwita Idah Mami hadi wageni wanachanganyikiwa? Basi huku Makongeni kuna Mami. Alizaliwa mwezi wa Juni. Anaitwa Kui, jina lako, bila kupunguzwa. Khisa anakaa Ruiru lakini kwao ni Bungoma, angejuaje desturi yetu?

Ulipomkataa Aoko ulisema jina lako litapotea ziwani. Mimi, na mdomo wangu wote huu, niliogopa hata kulitaja. Ni Aoko, akiwa bado kwa kitanda cha hospitali, aliyemwambia nesi aandike Kui. Mama yake alikuwa amekuja na jina lingine kutoka kwao, akarudi nalo. Nimejaribu kukuambia kwa simu, lakini kila nikianza na "Aoko" unakata, na neno "mtoto" linakuja nyuma ya Aoko, siwezi kulitanguliza.

Krismasi nachinja mbuzi mzima. Kagwe atakuja kukuchukua asubuhi, avae na tai. Paji la uso la mtoto ni lako, masikio ni yako, na akinyimwa kitu ananuna vile unavyonuna wewe. Njoo ujionee.

Msalimie Idah na watoto wake. Na Mama Ndegwa umwambie ndiyo, Mami amefika nyumbani, lakini kuna Mami mwingine, mwenye meno, bado tunamngoja.

Ni mimi kijana wako wa pekee, mwenye sura nzuri kuliko ile ya kadi,
Njau

Mami, hapa ni Aoko. Nimesoma yote. Mbuzi ni kuku. Mengine ni kweli. Jino la kwanza la mtoto lilichomoza jana, kwa hivyo ile kadi itupe, uje umbebe mwenyewe.