Nilivyoupiga Lipu Msikiti wa Kale

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Nimefagia msikiti. Kinyesi cha popo kama kawaida, kingi zaidi mbele ya mihrabu. Hata popo wetu wanagombea safu ya kwanza. Nimejaza birika la kutawadhia, ndoo kumi na moja. Mgongo unauma.

Saa nne akapita Ndugu Elia, katibu wa kijiji, na ramani ya kijiji kipya. Barabara imechorwa kwa rula, inatoka ghalani hadi shuleni bila kona hata moja. Katikati ya barabara kuna kidude cheusi. Nimemuuliza ni nini. "Huo ndio msikiti, mzee." Amesema bila ubaya wowote. Kijana mwenyewe mtu wa Iringa, mpole, hajakaa hapa Janga hata mwaka. Nimeishikilia ile karatasi kitambo kirefu mpaka akaniomba nimrudishie.

Jumanne, 5 Agosti

Mkutano ghalani. Kelele tupu. Shehe Mahmudu amesema msikiti una miaka elfu. Ndugu Elia akauliza nani anajua kwa hakika. Kila mtu akamtazama jirani yake.

Mwishowe katibu ametueleza. Alishaandika Dar es Salaam, kwa wakubwa wanaoshughulikia majengo ya kale. Afisa wao atakuja Jumatano ijayo. Akithibitisha kwamba msikiti ni wa kale kweli, barabara itapinda. Asipothibitisha, utavunjwa, mawe yake yajaze mashimo ya barabara hiyo hiyo. Makaburi ya nyuma yatahamishwa.

Mke wangu Mwanaidi yuko pale, karibu kabisa na ukuta wa kibla. Mwaka wa tatu sasa. Wamhamishe waende naye wapi? Nina hasira. Na naogopa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwalimu wa shule ametumwa kuandika historia ya msikiti, ukurasa mmoja, ili afisa apewe. Amekaa barazani kwa Shehe na daftari. Wazee wote tumeitwa.

Shehe: ulijengwa na Washirazi waliokuja na majahazi saba. Mwalimu akauliza majahazi yalifikaje Janga, hakuna bahari. Shehe akasema zamani ilikuwepo.

Mzee Kibwana: ulijengwa na majini kwa siku moja, asubuhi watu wakaukuta umekwisha, umefagiwa.

Dada yangu Siwema: ulijengwa na babu yetu mzaa mama. Uongo mtupu. Babu yule alishindwa kujenga banda la kuku.

Nami nimeulizwa. Nimesema kuta zina unene wa dhiraa nzima na zaidi, mawe ni matumbawe ya pwani, na kutoka pwani hadi hapa mtu mwenye mzigo hulala njiani zaidi ya usiku mmoja. Aliyeyaleta hakuwa na masihara. Mwalimu hakuandika. Anataka majina ya wafalme.

Ukurasa umejaa. Majini yameingia, babu pia ameingia.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala ya Ijumaa Shehe hakutuachia tuondoke. Amesema mgeni wa serikali anakuja, tazameni wenyewe nyumba ya Mungu ilivyo. Tukatazama. Kweli aibu. Chokaa inabambuka, ukuta wa kibla una madoa, mashimo, na nyufa za mjusi kupita na familia yake. Pembeni mwa mihrabu kuna sahani mbili za Kichina zilizojengewa ukutani tangu enzi, na tundu la ya tatu iliyodondoka mimi nikiwa mdogo.

Shehe akasema mgeni hapokewi kwenye nyumba chafu. Akaniangalia mimi. Wote wakaniangalia mimi.

Ni kweli, fundi mwashi ni mimi. Nimepiga lipu miaka thelathini, Kisarawe, Mlandizi, hata nyumba za mabwana wa mkonge. Ninayo mifuko miwili ya saruji niliyokuwa naidundulizia baraza yangu. Saruji sasa hivi haionekani hata Dar. Nimesimama mbele ya watu nikasema naitoa yote. Takbiri imepigwa. Nimejisikia mtu mkubwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Kazi imeanza. Mchanga umetoka Ruvu, kinamama wameubeba. Ndugu Elia mwenyewe amekuja kubeba maji, ndoo begani, Mkristo wa watu. Nimemuuliza kwa nini anatusaidia na barabara ni yake. Akasema rula aliyochorea ni fupi, hakuona pengine pa kupitisha. Nimeanza kumpenda.

Nimepiga ukuta wa kibla nusu. Mchanga nimeuzidisha kidogo, mifuko miwili haifiki mbali. Mkono bado upo. Mwiko unateleza wenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Ukuta wa kibla umekwisha. Kuizunguka mihrabu kulikuwa na mabonde na vinundu vya ajabu, kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Nimevijaza vyote. Sasa unaweza kukiteremsha kioo juu yake kisikwame. Nimeupima kwa timazi mara tatu, si kwa shaka, kwa raha tu.

Tatizo la tundu. Siwema ameleta sahani yake ya bati yenye maua, katikati jogoo mwekundu. Anasema ndiyo nzuri kuliko zote alizo nazo. Shehe amekataa watu kusali mbele ya jogoo. Siwema akanuna, akasema basi sadaka yake imekataliwa. Tumezungumza mpaka alasiri. Tumeafikiana. Sahani imejengewa kinyumenyume. Jogoo anatazama ukuta.

Jumatatu, 11 Agosti

Uso wa mlangoni lipu. Kuta zilizobaki chokaa mikono miwili. Tao la mlango rangi ya kijani iliyosalia kwenye madirisha ya shule. Jioni nimesogea mbali nikautazama. Sijawahi kufanya kazi safi namna hii. Mzee Kibwana amesema majini wenyewe wangeona haya.

Nimempitia Mwanaidi nikamwambia asiwe na wasiwasi, hahami.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbaya. Naandika tu ili itoke.

Afisa amefika saa tatu kwa Land Rover. Ni binti, Ndugu Zuhura, labda miaka ishirini na sita. Amejitanda kanga yake kichwani, ameamkia wazee wote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, hakuruka hata mmoja. Tumempenda papo hapo. Mwenzake na dereva wameendelea kwenda Maneromango kuona majengo ya misheni. Watampitia Ijumaa, kama barabara ile itawaachia gari.

Akauzunguka msikiti mara mbili. Akarudi kwa Shehe akauliza kwa adabu, "Na ule wa kale uko wapi?"

Shehe akasema ndio huu. Binti akacheka. Alidhani anataniwa na mzee. Tukacheka naye, hatukujua tunachekea nini.

Halafu akaingia ndani. Akaweka kiganja kwenye ukuta wa kibla. Kicheko kikakatika. "Nani amefanya hivi?"

Nikanyoosha mkono. Mungu anisamehe, nilinyoosha haraka, na kifua mbele. Nilidhani nasifiwa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amenikalisha akanieleza taratibu kama mjukuu anayemfunza babu kuandika. Chokaa inauacha ukuta wa matumbawe upumue. Saruji inauziba, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inakula jiwe kwa ndani, miaka michache ukuta unakuwa unga. Miaka yote hii ya ufundi sijawahi kusikia ukuta unapumua. Lakini nimekumbuka nyumba mbili za Kisarawe ambazo lipu yangu ilibambuka vipande vizima na jiwe limeshika nyuma yake. Nililaumu mchanga.

La pili ndilo lililoniua. Amesema hawezi kuandika kwamba jengo ni la kale wakati hakuna anachokiona isipokuwa lipu ya juzi. Ameisoma historia ya mwalimu. Ameisoma yote, kwa heshima, mpaka kwenye majini. Akaikunja. Akauliza sahani ya tatu ni ya nchi gani, mbona haijapakwa rangi.

Watu wametoka bila kuniaga. Siwema amesema mbele ya kadamnasi, "Mwiko wako huo, Sefu, ndio utakaomfukua mkeo." Dada yangu wa tumbo moja. Alikuwa na haki.

Alhamisi, 14 Agosti

Baada ya alfajiri nimekwenda na nyundo ndogo na patasi. Nimemkuta Ndugu Zuhura ameshafika, amekaa mlangoni. Nimemwambia nitaibandua yote kabla ya gari lake. Akasema jiwe likiumia hasara ni ile ile. Nikamwambia niliyeiweka ni mimi, najua ilipokaa. Akafikiri. Akasema nianze pembeni, mbali na mihrabu, aone mkono wangu.

Mchanga niliouzidisha umetusaidia. Lipu imetoka kama ukoko wa wali. Kwa mara ya kwanza maishani namshukuru Mungu kwa kazi mbovu niliyoifanya mwenyewe.

Kufika adhuhuri tulikuwa watu kumi na tano ndani. Ndugu Elia anabeba vipande nje. Shehe amekunja kanzu, anachambua vumbi kwa mikono. Siwema ameleta uji, ameniwekea kikombe mbele bila kunitazama. Nimeunywa bila kumtazama.

Alasiri tumefika kwenye chokaa ya zamani. Ndugu Zuhura akachukua kisu kidogo akaanza kukwangua sehemu moja, kila safari akiingia ndani kidogo zaidi, mpaka ukuta ukawa na ngazi ndogo. Akatuita. Tabaka za chokaa. Nyeupe, halafu mstari wa moshi, nyeupe tena, moja ya samawati iliyotiwa nili, nyingine ya manjano, nyeupe, moshi. Amehesabu kwa sauti. Alipofika ishirini na tatu akanyamaza, akaanza upya, kwa sababu Mzee Kibwana alikuwa anahesabu naye kwa sauti kubwa na ameruka kumi na tano.

Akauliza chokaa hupakwa lini. Shehe akasema akitarajiwa mgeni mkubwa. Siwema akasema bibi yetu alisimulia walivyopaka ya nili siku anakuja bwana shauri wa Mjerumani, na bwana shauri mwenyewe hakufika, alikwama njiani na homa. Huyu mara hii hakusema uongo. Ile ya samawati ipo, imetulia mahali pake.

Kumbe kazi yetu miaka yote ni hiyo. Kusikia mgeni anakuja na kukimbilia chokaa.

Ndugu Zuhura amecheka mpaka akakaa chini. Halafu amefuta macho akaniambia, "Mzee, sasa taratibu. Kwenye mihrabu."

Ijumaa, 15 Agosti

Vile vinundu nilivyovijaza Jumapili si ndui. Ni nakshi. Kamba iliyosokotwa, imechongwa kwenye jiwe la tumbawe, inapanda upande mmoja wa mihrabu, inazunguka tao lote na kushuka upande wa pili. Juu kabisa ua moja lenye petali nane. Hakuna mtu aliye hai kijijini aliyewahi kuiona. Chokaa za wageni zilikuwa zimeimeza. Nimefukua nusu, halafu Ndugu Zuhura akanipokea patasi akamalizia.

Shehe amelia. Mimi pia. Mzee Kibwana amesema si mmeona, binadamu gani anachonga vile.

Land Rover imerudi saa kumi, tope mpaka vioo. Ndugu Zuhura ameandika karatasi yake juu ya boneti, amemsomea katibu kwa sauti. Jengo ni la kale. Lisivunjwe, lisiguswe, makaburi yake pia. Umri ataandika akishapima vizuri, lakini ni mkubwa kuliko kumbukumbu ya yeyote hapa. Ndugu Elia amechomoa ramani mfukoni, ameiweka kwenye boneti hiyo hiyo, amepinda barabara kwa mkono bila rula. Imepinda vibaya, inaonekana kama nyoka aliyemeza kitu. Tumempigia makofi.

Sahani ya Siwema imeng'olewa. Ameangalia jogoo wake, amempangusa saruji, ameondoka naye kichwa juu. Kwenye kona ya njia amegeuka akaniambia nikale kwake leo.

Mwanaidi hahami. Nilimwambia mapema mno, lakini hahami.

Jumanne, 26 Agosti

Nimefagia. Popo wamerudi.

Baada ya adhuhuri watu waliondoka, mimi nikabaki. Hakuna haraka. Mwanga wa saa nane unaingia mlangoni na kufika mpaka kwenye nakshi, unaiona vizuri kamba inavyozunguka. Nimesogeza macho karibu. Patasi iliingia kutokea kushoto kila mara. Fundi yule alikuwa wa mkono wa kushoto, kama mimi. Hilo Ndugu Zuhura hakuliona.

Upande wa kushoto kazi yake haina doa. Kulia, chini, pale kamba inapomalizikia, amelipua kazi. Misokoto mitatu ya mwisho haikutoshea, ameibana kama mtu aliyeitwa chakula. Nimekaa mbele yake nikaitazama muda mrefu. Robo saa na patasi ndogo ingekaa sawa. Najua pa kuanzia.

Tumekatazwa kugusa. Nimefunga mlango nikaenda kukaa kidogo kule nyuma, kwa Mwanaidi, nikamsimulia kuhusu ile kona ya kamba.