Mwano Ulipopigwa, Kituo Kikabaki Kitupu

Jumatano. Upepo na vumbi Bariadi, na mimi nina shaka.

Mkufunzi wa maandalizi ya maafa ametangaza leo asubuhi kwamba wahudumu wote wa kituo kimoja cha afya nje ya mji, ambacho sitakitaja, wamefaulu mtihani wa kuhudumia majeruhi mahali penye vita. Wote. Hakuna aliyekosa hata swali moja.

Kazi hii ya uandishi wa habari imenifundisha kutilia shaka darasa lisilo na aliyefeli. Niliomba karatasi, nikazisoma moja moja nikitarajia kukuta wamenakiliana. Sikukuta. Kila mtu ameeleza kwa maneno yake: ukisikia kelele, usiache majeruhi wako ukazikimbilia, maana mshambuliaji anaweza kungoja waokoaji wakusanyike ndipo apige mara ya pili.

Bado sikuamini. Mganga mfawidhi wa kituo alikuwa na haraka mno ya kunipa chai na kuniaga.

Huku kwetu hakuna vita. Lakini Kabula, muuguzi wa kituo hicho, anaondoka Jumatatu kwenda kufanya kazi hospitali ya nchi jirani, katika mji ambao bado unapigwa mabomu. Bila cheti cha mafunzo haya haendi. Ndiyo maana nilibaki.

Alasiri likaanza zoezi. Majeruhi walikuwa wanakijiji waliopakwa rangi nyekundu, wamelazwa barazani. Kabula aliwapanga vizuri: anayevuja damu nyingi kwanza, anayepiga kelele baadaye. Mzee mmoja aliyewekwa mwisho alinung'unika kwamba hata kufa kwa uongo kuna foleni.

Kisha mwano ukapigwa, upande wa uwanja wa mnada.

Kwa msomaji asiye wa huku: mwano ni yowe la hatari. Ukipigwa, ng'ombe wameibiwa au mtu kavamiwa, na kila mwenye miguu hukimbilia unakotoka. Asiyekwenda, kijiji humtenga. Tunalijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Kabula alimwachia mzee bandeji mkononi, akakimbia. Wenzake wakakimbia. Majeruhi nao wakainuka na rangi zao, wakakimbia. Mganga mfawidhi alikuwa mbele ya wote.

Mimi nilishtukia nimeshavuka geti.

Uwanjani hapakuwa na mwizi. Alikuwepo mkufunzi, na pembeni yake sungusungu, mlinzi wa kijiji, ambaye mkufunzi alikuwa amemwomba apige mwano. Mkufunzi hakumkemea mtu. Alituhesabu kwa kidole, kisha akasema, "Nyote mmekufa."

Nilikuwa nimeshuku kitu kisicho chenyewe. Majibu waliyajua. Miguu ndiyo haikuwa imefanya mtihani.

Tukiwa njiani kurudi, mganga mfawidhi aliniomba, kwa upole nisioupenda, niandike habari ya asubuhi, hii ya alasiri niwaachie wenyewe. Akamtazama Kabula, kana kwamba ombi ni lake. Nilidhani ataitikia. Cheti ni chake, na safari ni yake.

"Daktari, usinisingizie," Kabula alisema. "Wewe ndiye uliyetutangulia, na huna hata mbuzi wa kuibiwa."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alinigeukia.

"Kaka, andika yote. Ila kwanza nataka tupimwe tena. Hapa nisipokimbia nitatengwa. Kule nikikimbia, mama yangu ataletewa sanduku."

Nilitoa daftari nikayaandika maneno yake.

Jioni hii naandika na viatu vyangu bado vina vumbi la uwanja wa mnada. Najiuliza kama mazoea ya maisha mazima yanaweza kuvunjwa kwa siku mbili. Sidhani. Nikiri pia kwamba sina uhakika na yangu.

Mkufunzi amekubali. Mwano utapigwa tena Ijumaa, saa amekataa kuitaja, na cheti cha Kabula hatakisaini kabla ya hapo. Nimemwambia mhariri habari isubiri hadi Ijumaa.